Sura ya Nne: Mtaa Uliodai Kura

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu aliyetoka katikati ya jiji la Boston, nchini Marekani, akaelekea kusini kwa kilomita tatu hivi, alifika mahali ambapo angedhani pamepita vita. Hapo ni Dudley Street, mpakani mwa Roxbury na Dorchester. Viwanja 1,300 hivi vilikuwa vitupu, karibu theluthi moja ya ardhi yote ya mtaa. Nyumba za mbao zilizowahi kusimama juu yake ziliungua moja baada ya nyingine, na nyingi zilichomwa makusudi. Benki zilikuwa zimeacha kukopesha katika maeneo ya watu Weusi, Wazungu wenye uwezo walikuwa wamehamia vitongoji vya nje, na bei za nyumba zilikuwa zimeporomoka. Ilifika mahali mwenye nyumba akaona fidia ya bima inamlipa kuliko kodi ya wapangaji wake.

Watu hawakuisha. Walikuwapo Wamarekani Weusi, Walatino, wahamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde na Wazungu wachache waliokataa kuhama. Walichopungukiwa ni mtu wa kuwasikiliza. Malori ya makampuni ya ujenzi yalikuja usiku kumwaga vifusi, na watu wa mitaa mingine walileta majokofu na magari mabovu. Vituo vya kukusanyia taka viliendeshwa bila kibali katikati ya makazi, na harufu yake iliingia hadi mezani watu walipokula.

Nimeuchagua mtaa huu kwa sababu kisa chake kinajibu swali linalozisumbua asasi za mijini kila mahali: pesa za mfadhili zinaujenga mtaa kwa masharti gani? Mifuko ya hisani ina historia ndefu katika miji ya Marekani. Mfuko wa kwanza wa hisani wa jiji zima ulianzishwa Cleveland mwaka 1914, na wa Boston ukafuata mwaka uliofuata. Mwaka 1961 Ford Foundation ilianza kumwaga mamilioni ya dola katika mitaa maskini ya miji kadhaa, Boston ikiwamo. Pesa hazikuwa ngeni. Kilichokuwa kigeni ni kile kilichotokea Dudley Street mwaka 1985, wakazi walipowaambia wafadhili usoni kwamba mpango ulioandaliwa kwa ajili yao hawautaki.

Nia njema na meza ya watu wengine

Mwaka 1984 asasi iliyoitwa La Alianza Hispana, iliyokuwa ikiwahudumia Walatino wa mtaa huo, iliomba ruzuku kwa mfuko wa hisani wa Mabel Louise Riley. Lilikuwa ombi la kawaida, kama yale yanayofika kwenye meza za wafadhili kila wiki. Wadhamini wa mfuko hawakuishia kusoma andiko. Walikwenda kuona. Wakapita kati ya viwanja vilivyoungua na marundo ya taka, na waliporudi ofisini walijua kwamba ruzuku moja kwa asasi moja haitabadilisha kitu mahali pale. Wakaamua kuupa mtaa huo mmoja nguvu zao kwa muda mrefu, badala ya kuendelea kutawanya fedha kidogo kidogo jiji zima.

Uamuzi huo peke yake unastahili sifa. Mifuko mingi hupenda kutoa ruzuku nyingi ndogo, kwa kuwa hivyo orodha ya waliosaidiwa hurefuka na ripoti ya mwaka hupendeza. Kukaa mahali pamoja kwa miaka kunataka uvumilivu, na kunamweka mfadhili mahali ambapo kushindwa kwake kutaonekana.

Ndipo likatokea kosa ambalo hutokea mara nyingi penye nia njema. Mfuko uliziita asasi za eneo hilo, wakaunda kamati ya ushauri, wakakutana kwa miezi na kuandaa muundo wa chombo kipya cha kuufufua mtaa. Katika bodi iliyopendekezwa, viti vingi vilikwenda kwa asasi, makanisa, wafanyabiashara na taasisi za jiji. Wakazi walipewa viti vichache tu. Hakuna aliyekusudia kuwadharau. Ni kwamba waliokuwa mezani walijuana, walizoea vikao na lugha ya maandiko, na wakajiona kuwa wanatosha kuusemea mtaa.

Februari 1985 muundo huo ulipelekwa mbele ya wananchi katika kanisa la Mtakatifu Patrick. Ukumbi ulijaa. Waandaaji walitarajia maswali machache, kisha kura ya kuupitisha. Badala yake wakazi walisimama mmoja baada ya mwingine. Waliuliza ni wangapi kati ya waliokaa mbele wanaishi pale. Waliuliza nani aliwapa hao haki ya kuamua. Waliokuwa na umri wa kutosha walikumbuka West End, mtaa wa Boston uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la kuuboresha mji. Maelfu ya watu waliondolewa, na juu ya ardhi yao yakajengwa majengo ya watu wengine. Kwa mtu aliyeshuhudia hayo, mpango mzuri unaoletwa na wageni waliovaa vizuri ni jambo la kuogopa.

Wafadhili wangeweza kukunja mafaili na kuondoka, na ni wachache ambao wangewalaumu. Walikuwa wametumia muda na fedha, na shukrani yao ilikuwa kuhojiwa hadharani. Walibaki. Mikutano mingine ikaitishwa, safari hii wakazi wenyewe wakiwa ndani ya chumba cha kuandaa muundo, na ukazaliwa Dudley Street Neighborhood Initiative, maarufu kwa kifupi DSNI. Bodi yake ilikuwa na viti 31, na wakazi wakawa kundi kubwa kuliko jingine lolote. Viti vyao viligawanywa sawa kwa sawa kati ya Weusi, Walatino, watu wa Cape Verde na Wazungu, bila kujali nani ni wengi na nani ni wachache. Mgao huo ulikuwa wa busara kubwa. Ulizima mapema ugomvi ambao umeua asasi nyingi za mijini, ugomvi wa kabila gani limeshika ofisi.

Pesa ambazo hazina picha

Yeyote aliyewahi kuandika maombi ya ruzuku anajua ni fedha zipi hupatikana kwa urahisi. Kisima hupata mfadhili. Darasa hupata mfadhili. Cherehani za kina mama hupata, kwa sababu siku ya kukabidhiwa kuna utepe, mgeni rasmi na picha. Mshahara wa mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba akibisha hodi, akisikiliza malalamiko na kuwaalika watu mkutanoni, hauna picha. Kodi ya ofisi haina picha, wala posho ya mkalimani anayewawezesha bibi wa Cape Verde na kijana wa Puerto Rico kuelewana katika kikao kimoja.

Hizo ndizo fedha ambazo DSNI ilizihitaji kwanza, na mfuko wa Riley ulikubali kuzitoa. Mwaka 1986 asasi ikamwajiri Peter Medoff kuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Watumishi wakaanza kugonga milango, wakiuliza kila nyumba swali moja la wazi: ni jambo gani linalokukera kuliko yote? Wataalamu wangeweza kubashiri kwamba majibu yatakuwa nyumba, au ajira, au shule. Wakazi wengi walisema taka.

Basi kazi ikaanzia kwenye taka. Majira yale ya joto ya 1986 ilizinduliwa kampeni ya kuwataka wengine waache kuufanya mtaa jalala. Wakazi waliandamana, wakaandika namba za malori, wakamwita Meya Raymond Flynn aje ajionee. Vituo vya taka vilivyokuwa vikifanya kazi kinyume cha sheria vikafungwa, na magari mabovu yakaburutwa na kuondolewa. Kwa mtu wa nje huo ni ushindi mdogo. Kwa mtu aliyelala miaka kumi na harufu hiyo, ulikuwa uthibitisho wa kwanza kwamba kuhudhuria mkutano kunaweza kubadilisha jambo. Kesho yake atakuja tena, na atamleta jirani.

Hapa ndipo ninapotaka wafadhili wasome polepole. Pesa zilizolipa mishahara ile hazikununua tofali hata moja. Zilinunua mazoea ya watu kukaa pamoja, kubishana, kupiga kura na kutekeleza walichoamua. Bila mazoea hayo, yaliyofuata yasingewezekana hata kwa fedha mara kumi.

Mpango wao, na ardhi iliyokatikakatika

Jiji lilikuwa na mipango yake juu ya Dudley. Bei za ardhi katikati ya Boston zilikuwa zikipanda, na kila mwenye macho aliona kwamba mtaa ulio kilomita tatu kutoka mjini hauwezi kubaki magofu milele. Hatari ilikuwa imegeuka. Zamani watu waliogopa kutelekezwa, sasa wakaanza kuogopa kufukuzwa na bei.

DSNI iliamua kuandika mpango wake kabla jiji halijauleta wa kwake. Kwa fedha za wafadhili iliajiri kampuni ya wapangaji miji, DAC International, na kampuni hiyo ikawajibika kwa wakazi. Hili ni jambo la kuzingatia. Mtaalamu humsikiliza anayemlipa, na safari hii anayelipa alikuwa mtaa. Mikutano ilifanyika kwa miezi, kukiwa na tafsiri ya Kihispania na Kikrioli cha Cape Verde. Mwaka 1987 mpango ulikamilika, na jiji likaukubali kuwa mpango wake rasmi kwa eneo hilo.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa ramani yenyewe. Katikati ya mtaa kulikuwa na pembetatu ya ekari 64 ambako viwanja vitupu vilikuwa vingi kuliko kwingine. Karibu nusu ya ardhi hiyo tupu ilikuwa mali ya jiji, na iliyobaki ya watu binafsi. Vipande hivyo vilichanganyika kama vigae vya bao la drafti. Kiwanja cha jiji kilipakana na cha mtu aliyehamia jimbo jingine, hicho nacho kikapakana na cha marehemu ambaye warithi wake hawajulikani, na kando yake kukawa na cha mlanguzi anayesubiri bei ipande. Huwezi kujenga nyumba 30 mahali ambapo unamiliki viwanja 15 vilivyotawanyika.

Serikali duniani kote zina mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kulipa fidia. Kwa maskini wa mijini, mamlaka hayo kwa kawaida ni fimbo inayowachapa wao. Wakazi wa Dudley walifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika: waliomba fimbo hiyo wapewe wao. Waliunda chombo tanzu, Dudley Neighbors, Incorporated, kwa kufuata sheria ya jimbo la Massachusetts iliyoruhusu mashirika ya kuendeleza miji kukabidhiwa mamlaka ya namna hiyo. Wakaahidi kwamba nyumba yenye mtu ndani haitaguswa, na kwamba watatwaa viwanja vitupu tu. Novemba 1988 mamlaka ya uendelezaji ya Boston ilipiga kura ya kukubali. DSNI ikawa asasi ya kwanza ya mtaa nchini Marekani kupewa uwezo huo.

Mkono mtupu haulambwi. Mamlaka ya kutwaa bila fedha za kulipa fidia ni karatasi tu. Mwaka 1992 Ford Foundation ilitoa dola milioni 2, na ilizitoa kama mkopo wa riba ndogo. Aina hii ya fedha haifahamiki sana kwetu, kwa hiyo inafaa ielezwe. Mfuko wa hisani nchini Marekani huweka akiba yake kubwa katika hisa na dhamana, na sheria inautaka utumie takriban asilimia 5 ya mali zake kila mwaka kwa shughuli za hisani. Sheria ya kodi ya 1969 iliruhusu pia mfuko ukopeshe kwa masharti nafuu pale lengo linapokuwa la kijamii. Mkopo ukirudi, fedha ile ile huenda kufanya kazi mahali pengine. Kwa DSNI, mkopo huo uliwapa uwezo wa kununua ardhi ambayo hakuna benki ya kawaida ingethubutu kuikopeshea.

Nyumba ni yako, ardhi ni yetu

Ardhi iliyopatikana haikuuzwa. Iliwekwa chini ya amana ya jamii. Mtu anayenunua nyumba pale hupata hati ya nyumba yenyewe, na ardhi iliyo chini yake huikodi kutoka Dudley Neighbors kwa mkataba mrefu unaoweza kurithiwa na watoto. Akitaka kuuza, anauza kwa bei yenye kikomo kilichoandikwa mkatabani, na sharti amuuzie mtu wa kipato cha wastani au cha chini. Anapata faida kiasi. Hapati utajiri wa ghafla, na mlanguzi hapati mlango wa kuingilia.

Wapo wanaosema mpango huu unamnyima maskini nafasi ya kutajirika kwa nyumba yake kama wengine wanavyotajirika. Hoja hiyo ina uzito, na wakazi wenyewe waliijadili sana. Walipima faida ya familia moja itakayouza leo dhidi ya familia zote zitakazotafuta pa kuishi miaka 50 ijayo, na wakaamua.

Miaka iliyofuata iliupima uamuzi huo. Mwaka 2008 soko la nyumba la Marekani lilipoanguka, familia nyingi za Roxbury na Dorchester zilizokuwa zimechukua mikopo ya kinyonyaji zilinadiwa nyumba zao. Nyumba zilizokuwa chini ya amana karibu hazikuguswa, kwa sababu bei yake haikupandishwa kwa hewa na chombo cha amana kiliwasimamia wenye nyumba wasiingie mikataba ya hovyo. Leo nyumba zilizo juu ya ardhi hiyo ni zaidi ya 220. Kando yake kuna viwanja vya michezo, mashamba ya mboga, na kitalu kikubwa cha kioo kilichojengwa mahali palipokuwa gereji.

Bodi nayo iliendelea kuchaguliwa kwa kura, na ikatenga viti kwa vijana wa mtaa. Mmoja wa walioingia kupitia mlango huo akiwa bado kijana, John Barros, mtoto wa wahamiaji wa Cape Verde, baadaye aliiongoza DSNI kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2013 aligombea umeya wa Boston, na kisha akawa mkuu wa maendeleo ya uchumi wa jiji. Jiji lililowahi kuuona mtaa wake kama jalala likamkabidhi dawati la kupanga mustakabali wa jiji zima. Hakuna kifungu cha bajeti kinachoweza kuahidi matunda ya namna hiyo.

Voi walipochagua

Wazo la ardhi ya amana halikubaki Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Voi, Kenya, wakazi wa makazi yasiyo rasmi yanayoitwa Tanzania-Bondeni walikuwa wakiishi bila hati, kwa hofu ya kubomolewa. Mradi wa kuendeleza miji midogo, ulioendeshwa na serikali ya Kenya kwa msaada wa shirika la Ujerumani la GTZ, uliwapa nafasi ya kuchagua namna ya kumilikishwa: kila mtu hati yake, au ardhi ya pamoja. Walizijadili njia hizo, wakachagua amana ya ardhi ya jamii, ya kwanza nchini humo. Walijua yaliyokuwa yakitokea kwingine: maskini anapewa hati asubuhi, jioni tajiri ameinunua kwa shida ya siku moja, na mwenyewe anahamia kibanda kingine bondeni.

Njia yao ilikuwa na miiba. Sheria za ardhi za Kenya wakati huo hazikuwa na kifungu kinachoitambua amana ya namna hiyo, ikabidi waunganishe vyombo kadhaa vya kisheria ili kupata kitu kimoja, na mambo yakachukua miaka. Hata hivyo Voi inatuonyesha kwamba yaliyofanyika Boston hayakutegemea utajiri wa Boston. Yalitegemea wakazi kupewa nafasi ya kweli ya kuamua, na mfadhili kukubali kusubiri.

Masharti ya mpokeaji

Tumezoea kuzungumza juu ya masharti ya mfadhili. Muda wa mwisho wa kupeleka andiko, fomu ya bajeti, ripoti ya kila robo mwaka, mkaguzi wa hesabu. Mengi kati ya hayo ni ya haki, kwa kuwa fedha za hisani ni amana na mtunza amana hukaguliwa. Dudley Street inatufundisha kwamba mpokeaji naye anaweza kuwa na masharti, na kwamba mfadhili makini huyaheshimu.

Sharti la kwanza ni kura. Chombo kinachopokea fedha kwa jina la mtaa kiwe na wakazi wengi wa kutosha kushinda hoja, na wachaguliwe na wenzao. Kumwalika mkazi mmoja atoe ushuhuda kwenye kikao hakutoshi. Sharti la pili ni fedha za uendeshaji kwa miaka kadhaa mfululizo, kwa sababu asasi inayoajiri kwa mradi wa miezi 12 hutumia miezi sita ya mwisho kutafuta mradi mwingine. Sharti la tatu ni haki ya kuchagua kazi ya kwanza. Kama mtaa umesema taka, mfadhili asilazimishe semina ya ujasiriamali. La nne ni kitu cha kudumu, na katika mji hakuna kinachodumu kuliko ardhi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Asasi iliyopokea ruzuku miaka 20 na haimiliki hata chumba inakaa mikononi mwa barua moja ya kusitisha ufadhili.

Masharti haya yanampunguzia mfadhili mamlaka, nami sioni sababu ya kulificha hilo. Mfuko wa Riley ulipoteza udhibiti wa mpango wake kanisani mwaka 1985, na Ford Foundation ilikopesha fedha kwa watu ambao wangeweza kuamua vingine. Walichopata badala yake ni mtaa ambao, miaka 40 baadaye, bado una bodi yake, mikutano yake na ardhi yake. Ruzuku nyingi za miaka ile zimebaki kwenye makabati ya ripoti. Mfadhili anayetaka fedha zake ziishi kuliko yeye mwenyewe na aanze kwa kuwapa wenye mtaa uwezo wa kumwambia hapana, kisha, wakishamwambia, abaki kitini asikilize wanachotaka.